Tutunze Macho Yetu: Lipi Laweza Kungoja?

(Hotuba iliyosomwa Kampala mbele ya wakimbizi, wanakamati na wafanyakazi wa mashirika)



Kwa mtu aliyeacha shamba na nyumba, macho ni mtaji. Lakini jicho likififia wengi wetu husema, "Tungoje kwanza." Tujue basi lipi laweza kungoja, na lipi haliwezi.

Fundi cherehani aliyepita miaka 40 akaanza kushindwa kutunga uzi sindanoni, mara nyingi si mgonjwa. Ni umri. Miwani ya kusomea humsaidia.

Mtoto wa jicho ni ukungu katika lenzi iliyo ndani ya jicho. Hauondoki kwa matone wala mitishamba. Daktari huitoa lenzi hiyo na kuweka ya plastiki, na wengi waliokuwa wakishikwa mkono hutembea tena wenyewe. Hapa Kampala, Hospitali ya Mengo, iliyoanzishwa mwaka 1897, ina idara ya macho. Mzee aliyechelewa bado ana tumaini.

Presha ya macho ni kinyume chake. Mara nyingi haiumi. Hula uoni kidogo kidogo kuanzia pembeni, na kilichopotea hakirudi. Dawa hulinda kilichobaki tu. Aliyefika miaka 40, hasa kama mzazi au ndugu yake anao ugonjwa huo, akapimwe kabla ya dalili.

Mtoto ambaye mboni yake inang'aa nyeupe asingojeshwe. Huenda ni saratani, na hapo kinachotafutwa ni uhai wenyewe. Kwa walio Nakivale, hospitali ya Ruharo, Mbarara, hutibu ugonjwa huo.

Macho mekundu yalienea Uganda mwaka 2024. Tunawe kwa sabuni, kila mtu na taulo yake. Tusitie jichoni maziwa ya mama, mkojo wala chai. Likiuma sana au kupoteza nuru, twende siku hiyo hiyo.

Kina mama, sombe na lengalenga, ambayo hapa huitwa dodo, zina vitamini A. Mtoto anayejikwaa jioni huenda anaikosa.

Ndugu wa mashirika, karatasi ya rufaa bila nauli wala mkalimani ni kumwambia mgonjwa aendelee kungoja. Tunaomba vitatu hivyo viende pamoja.