Golikipa, Mpira Umeshapita

(Maongezi na wanafunzi wa sekondari, Ngonga, wilayani Kyela)

  

Nimeitwa kuzungumza juu ya afya. Najua mnategemea nianze na malaria, au ile mada nyingine ambayo nikiitaja tu mtaanza kuchekana. Leo hapana. Leo nataka kuongea na mtu mmoja: golikipa. Wengine mnaruhusiwa kusikiliza kwa kuibia.

Nilikuwa golikipa nikiwa kidato cha tatu, shule moja ya huku huku, jina nalihifadhi. Uwanja wetu ulipakana na majaruba ya mpunga, na mvua za mwezi wa nne mnazijua wenyewe. Tulikuwa kwenye mechi ya kutafuta wachezaji wa UMISSETA, sare, zimebaki dakika chache. Likaja shuti, hata shuti sio shuti, ni pasi tu ya mtu aliyechoka. Nikapiga goti, mpira ukateleza kwenye tope ukapita katikati ya miguu. Tobo. Tukalala 1-0.

Kufungwa siyo ajabu. Ajabu ni yaliyofuata. Kuanzia Jumatatu jina langu likawa Tobo. Nikiingia bwaloni, "Tobo huyo." Hadi mwalimu mmoja akaniita hivyo mbele ya darasa, na mimi nikaitika! Wengine wakasema nimehongwa elfu kumi, kwamba kuna watu walibeti. Wengine wakasema wapinzani walifukia kitu golini usiku. Rafiki yangu mmoja, kwa nia njema kabisa, akanipeleka kununua dawa ya kupaka kwenye glavu. Dawa yenyewe ilikuwa ya mafuta. Jamani, golikipa na mafuta mikononi! Mechi iliyofuata nilifungwa matatu, mawili yalinichomoka kama kambale.

Mnacheka, lakini wakati ule sikucheka. Nilianza kuogopa krosi. Nikawa nimeganda kwenye mstari, natetemeka, nawaza: mikono niiweke wapi, goti nilikunje vipi, nikitoka je, nisipotoka je? Dada zetu hapa wanabeba ndoo ya maji kichwani toka mtoni, wanapiga stori, halipotei tone. Sasa mtu apige kelele, "Angalia usimwage!" Mara anaanza kuifikiria ndoo, shingo inakakamaa, maji yanamwagika. Ndivyo nilivyokuwa. Mikono yangu iliijua kazi, ila nilikuwa nimeisimamia kama mnyapara. Na macho yangu hayakuwa kwenye mpira unaokuja, yalikuwa bado kwenye ule uliokwishapita.

Hili linawapata hata wakubwa. Kuna watafiti wa Israeli, mwaka 2007, walitoa hesabu ya penalti 286 za wachezaji wa kulipwa. Karibu mipira mitatu katika kila kumi ilipigwa katikati ya goli, lakini makipa walibaki katikati mara chache mno, kama 6 tu katika kila 100. Kwa nini? Maelezo yao ni kwamba kipa akifungwa amesimama anaona aibu zaidi kuliko akifungwa ameruka. Maana yake mtu anaruka ili aonekane kajitahidi. Aibu ndiyo inayomrusha!

Basi, usingizi ukakata. Prepo nikawa siendi, jaribio la baiolojia nikapata 19. Nyumbani nikawa sili. Aliyeona wa kwanza hakuwa mwalimu wala rafiki, alikuwa bibi yangu. Alikuwa anageuza kokoa juani, akaniangalia, akasema, "Mume wangu, chakula changu kimekukosea nini?" Nikaanza kulia. Dume zima la kidato cha tatu! Bibi hajui kona wala penalti, lakini alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikata. Kesho yake akaenda mwenyewe kwa mwalimu wetu wa michezo, kwa miguu, kitenge chake kipya amejifunga.

Mwalimu yule hakunipa maneno makubwa. Aliniweka benchi mechi mbili, na nakiri niliposikia nilipumua. Kisha jioni tukawa tunabaki wawili. Alinirushia mpira kwa mkono, hatua tatu tu, kama anavyorushiwa mtoto. Wiki nzima mpira wa mtoto. Halafu hatua sita. Halafu wa kudunda. Halafu krosi bila mtu, ndipo krosi yenye mabeki. Akanifundisha na jambo la kufanya nikifungwa, maana kufungwa nitafungwa tu: niutoe mpira wavuni mwenyewe, nigonge viatu kwenye mlingoti tope litoke, nivute pumzi kwa kuhesabu nne na kuitoa polepole kwa kuhesabu sita, kisha nimwite beki mmoja kwa jina na kumpa kazi: "Funga kulia!" Basi. Ukishampangia mwenzako kazi, akili inakuwa imerudi uwanjani.

Mimi nikilalamika kuhusu matatu yangu alinipa kisa cha mpira wa magongo. Michezo ya Olimpiki ya Moscow, mwaka 1980, Tanzania ilicheza na India. Matokeo: India 18, sisi 0. Piga hesabu, dakika 70, ni bao kila baada ya dakika nne hivi. Na golini kwetu kulikuwa na binadamu, kila mara mpira unatolewa wavuni, mchezo unaanza tena. Hao India ndio waliochukua dhahabu.

Mnataka mtu mnayemjua? Juma Kaseja. Mwaka 2003 alikuwa golini Simba ilipowatoa mabingwa watetezi wa Afrika, Zamalek, kwa penalti kule kule Cairo. Shujaa. Desemba 2013 alikuwa golini kwa Yanga, Simba ikashinda 3-1, lawama nyingi zikamwangukia yeye. Baadaye alichezea Mbeya City, Kagera Sugar, KMC, na wengi walishamzika kisoka. Agosti 2019, Kasarani, Nairobi, Taifa Stars na Kenya wakafika kwenye penalti. Kaseja, miaka 34, akadaka, tukashinda 4-1. Mwezi uliofuata Burundi nao wakaja Dar, hawakupata hata penalti moja. Toka Desemba ile mpaka Agosti ile ni karibu miaka sita. Kwa hiyo ukiniambia, "Kaka, nimejaribu Jumamosi mbili imeshindikana," nitakucheka kidogo.

Mimi nilirudi golini, na mechi ya kwanza nikafungwa mawili. Lakini nilitoka kwenye krosi nne, na usiku ule nililala.

Sasa naomba mninyamazie kidogo. Kuna kushuka kiwango, na kuna ugonjwa. Robert Enke alikuwa kipa wa timu ya taifa ya Ujerumani. Aliugua sonona kwa miaka, akaificha, akiogopa kwamba ikijulikana atapoteza kazi na hata mtoto wao waliyemlea. Alijiua Novemba 2009, ana miaka 32. Alikuwa anadaka vizuri tu. Ndiyo maana nasema msimpime mtu kwa magoli. Sonona inatibika, kwa maongezi na mtaalamu na pengine kwa dawa, lakini daktari hawezi kutibu asichoambiwa.

Wiki mbili au zaidi usingizi hauji au unalala kutwa, chakula hakipiti, ulichokipenda hukitaki, unajiona huna faida: hapo siyo stresi ya mechi. Mwambie mtu mzima unayemwamini, muende naye zahanati au hospitali ya wilaya. Na kama wazo la kujidhuru linakuja, usisubiri kesho, usibaki peke yako. Namba 116 ni ya watoto na vijana, haina malipo. Rafiki yako akikuambia neno hilo, usilitunze kama siri. Mseme, akuchukie.

Nyie mabeki na mashabiki, leo nawaonea haya. Mpira ule wa tobo ulipita kwa wachezaji kumi kabla ya kunifikia.

Saa kumi kuna mechi hapa. Nitakaa nyuma ya goli la upande wa barabarani, naokota mipira. Golikipa mwenye neno lake aje hapo kuuchukua mpira taratibu, wengine watadhani anapoteza muda.