Mtoto wa Mbwa Asihamishwe Mapema



Wako watu wamchukuao mtoto wa mbwa mara tu afumbuapo macho. Hilo ni kosa, kwani macho hufumbuka yapata siku ya 14, naye angali akinyonya. Hana budi kungojewe majuma 8. Na wa jamii ndogo, wale wabebekao mkononi, yafaa majuma 10 hata 12. Mwili wake hauna akiba: akikosa chakula saa chache, hasa usiku wa baridi, sukari ya damu hupungua, akatetemeka, akalegea, pengine akafa. Mwuzaji atasema amekwisha kuwa mkubwa. Msimsikilize, mtazameni mbwa mwenyewe akila bila mama yake. Atimizapo miezi 3, achanjwe kukingwa na kichaa cha mbwa.