Madanguro ya Mjini na Waliojitokeza Kuyapinga



Ndugu wajumbe wa tume za parokia, katika kikao kilichopita mmoja wenu aliuliza kwa nini Kanisa lisiungane na wakuu wa mji kuyafunga madanguro yote kwa siku moja, wanawake wakatoka, na mtaa ukapumua. Swali hilo si la kubeza, kwani aliyeuliza analea mabinti jirani na nyumba hizo. Tunaomba kulijibu kwa historia ya Uingereza, maana huko jambo hilo lilijaribiwa kwa namna zaidi ya moja, na matokeo yake yanajulikana.

Mwaka 1864 Bunge la nchi hiyo lilipitisha Sheria ya Magonjwa ya Kuambukiza, nayo ikapanuliwa mwaka 1866 na 1869. Askari na wanamaji wengi walikuwa wanaugua magonjwa ya zinaa, na serikali ikaamua kuwapima wanawake. Katika miji ya kambi na bandari, kama vile Portsmouth, Plymouth na Aldershot, askari kanzu aliweza kumshuku mwanamke kuwa ni kahaba na kumfikisha mbele ya hakimu. Hapo alilazimishwa kupimwa sehemu zake za siri, tena si mara moja. Akikutwa na ugonjwa alizuiliwa hospitalini, na kufikia mwaka 1869 muda huo uliweza kuwa hadi miezi 9. Akikataa kupimwa, alifungwa. Mwanamume aliyekuwa naye usiku ule hakuguswa na sheria hiyo. Danguro nalo likabaki wazi, na mwanamke akawa kama nyama ya buchani iliyokwisha kupigwa mhuri wa mkaguzi.

Tusidhani kwamba fikra hiyo ilikuwa ngeni kwa Wakristo. Mtakatifu Augustino, katika kitabu alichokiandika mwaka 386, kabla hajabatizwa, aliona kwamba makahaba wakiondolewa, tamaa itavuruga kila kitu. Na Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliyataja maneno hayo karne nyingi baadaye. Sisi tuliopita seminarini tuliyasoma bila kuuliza ni binti wa nani atakayetolewa ili mji upate utulivu.

Aliyeuliza alikuwa Josephine Butler, mke wa kasisi wa Kianglikana. Mwaka 1864 binti yake mdogo alianguka kutoka juu ya ngazi za nyumba yao akafa. Walipohamia Liverpool mwaka 1866, mama huyo alianza kwenda katika nyumba ya kazi ya maskini, akaketi sakafuni pamoja na wanawake waliokuwa wakichambua kamba kuukuu za meli. Baadhi yao waliokuwa wagonjwa aliwachukua akawaweka nyumbani kwake, wakafia humo wakiuguzwa. Kwa hiyo alipoanza kuipinga sheria ile mwishoni mwa mwaka 1869, alikuwa anawatetea watu aliokwisha kula nao.

Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: dhambi ni ya wawili, adhabu ni ya mmoja, na serikali inayompima mwanamke ili mwanamume amtumie kwa usalama imekuwa mshirika wa kuwadi. Waheshimiwa walishtuka kumsikia mke wa kasisi akitamka mambo hayo hadharani. Katika uchaguzi mdogo wa Colchester, mwaka 1870, makundi ya wahuni yalimwandama hata hoteli ikaogopa kumhifadhi. Hakuacha. Sheria ilisimamishwa mwaka 1883 na kufutwa mwaka 1886.

Lakini katikati ya ushindi huo likatokea jambo la kutufundisha zaidi. Mwaka 1885, mhariri W. T. Stead, akitaka kuwaonyesha wasomaji wa gazeti lake jinsi watoto wanavyouzwa, alipanga kumnunua msichana wa miaka 13 kwa pauni 5. Nia yake ilikuwa njema, na Kardinali Manning alikuwa upande wake. Hata hivyo, ili kuthibitisha kwamba binti huyo ni bikira, alipimwa na mkunga, yaani alitendewa jambo lile lile ambalo Butler alikuwa akilipinga kwa miaka 15. Stead alifungwa miezi 3, kwa kuwa baba wa msichana hakuridhia. Rebecca Jarrett, mwanamke aliyekwisha kuacha biashara hiyo na akatumwa kufanya kazi ile, alifungwa miezi 6.

Mwaka ule ule Bunge liliupandisha umri wa ridhaa kutoka miaka 13 hadi 16, na kwa hilo tushukuru. Sheria hiyo hiyo iliweka faini ya hadi pauni 20, au kifungo cha hadi miezi 3, kwa kosa la kwanza la kuendesha danguro. Vyama vya kulinda maadili vikashika kazi ya kupeleka kesi mahakamani. Wenye nyumba, kwa kuogopa faini, wakawatupa wanawake nje. Nao wakaenda barabarani, wengine wakiangukia mikononi mwa wanaume wa kuwasimamia. Butler aliona hayo akajitenga na wenzake wa jana, akionya kwamba watu hawafanywi wema kwa nguvu za polisi.

Na sisi Wakatoliki tusicheke. Huko Ireland palikuwa na nyumba zilizoanzishwa ili kuwapokea wanawake walioacha ukahaba, zikasimamiwa na masista. Baadaye waliingizwa humo hata wasichana waliozaa bila ndoa na wengine wasio na kosa lolote. Wakafua nguo za watu bila ujira, na milango imefungwa. Ya mwisho ilifungwa mwaka 1996, na serikali ya nchi hiyo iliomba radhi mwaka 2013.

Sasa turudi mtaani kwetu. Kabla hatujapiga kura juu ya lile ombi la kufunga, kila kundi likae na kuandika majibu ya maswali haya: nyumba hizo ni mali ya nani, na je, mwenyewe husali wapi? Ndani mna watoto wangapi wasiofikia umri wa miaka 18? Na wanawake wakitolewa Jumatatu, Jumatatu usiku watalala wapi? Katibu atakusanya karatasi baada ya chai.