Shangingi nalo hupinduka



Ipo imani iliyoota mizizi miongoni mwetu kwamba gari kubwa, lililoinuka juu, ndilo gari salama. Mtu akiwa ndani ya shangingi hujiona kama yuko ghorofani. Anaona mbali, bodi ni nzito, matairi ni mapana, na magari madogo yanampisha. Imani hiyo ina nusu ya ukweli, kwani magari mawili yakigongana, mara nyingi aliye katika lile zito ndiye anayepona. Nusu ya pili ni kwamba gari refu hupinduka kwa urahisi zaidi kuliko gari fupi, nayo ndiyo tutakayoizungumza wiki hii.

Twende Chekereni, huko tambarare chini ya mji wa Moshi, penye mashamba ya mpunga ya mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi. Mama anayepita juu ya tuta la mfereji akiwa na ndoo ya maji kichwani anaijua kanuni hii bila kufundishwa na fundi yeyote: hageuki ghafla. Mzigo ulio juu ukiyumba, huvuta kila kilicho chini yake. Sasa magari kama Land Cruiser, Prado, Pajero na Patrol yameinuliwa ili tumbo lisikwaruze mawe, lakini upana kati ya tairi la kushoto na la kulia haukuongezwa kwa kadiri ile ile. Kimo hicho ndicho kinachoyapitisha penye mabonde na mawe, na kimo hicho hicho ndicho kinachoyalaza ubavu mahali ambapo gari dogo lingeteleza tu. Noah iliyosheheni abiria, ikapandishiwa na magunia juu ya keria, nayo huingia katika kundi hilo.

Aidha, mara nyingi gari halianzi kupinduka likiwa katikati ya lami. Hutoka nje kwanza. Tairi huchimba udongo laini au hugonga ukingo wa mfereji. Chini gari limeshikwa, juu bado linakwenda, ndipo linapobingirika. Barabara yenye mfereji upande mmoja na jaruba la mpunga upande wa pili ni mtego kamili wa namna hiyo. Anayekimbiza gari mahali kama hapo, akakutana ghafla na mwendesha baiskeli au kundi la ng'ombe, hana pa kukosea.

Tunao mfano ambao wengi wetu tunaukumbuka. Tarehe 4 Agosti, 2018, gari lililombeba Waziri wa Maliasili na Utalii wa wakati huo, Dk. Hamisi Kigwangalla, lilipinduka huko Magugu, mkoani Manyara. Ilielezwa kwamba dereva alikuwa akimkwepa twiga aliyekatiza barabara. Waziri aliumia, na afisa habari wa wizara hiyo akapoteza maisha. Hatulitaji tukio hilo ili kumhukumu dereva, maana anayemwona twiga mbele yake hana muda wa kufikiri. Tunalitaja kwa sababu uamuzi unaookoa maisha hufanywa kabla mnyama hajaonekana, nao ni uamuzi wa mwendo. Katika kona moja, gari linalokwenda kilometa 100 kwa saa husukumwa nje kwa nguvu mara nne ya lile linalokwenda 50. Wengi hudhani ni mara mbili tu.

Mnyama akitokea, kanyaga breki kwanza na usukani ubaki umenyooka. Ukilazimika kukwepa, kwepa baada ya mwendo kupungua. Kuku, mbwa au mbuzi asikutoe barabarani, kwa kuwa mbuzi hulipwa, lakini roho ya mtu hailipwi. Na tairi likitoka nje ya lami, usilirudishe kwa kukata usukani kwa nguvu. Ondoa mguu kwenye mafuta, acha gari lipoe, kisha urudi taratibu.

Jambo la pili ni matairi. Mwezi Agosti, 2000, kampuni ya Firestone ilitangaza huko Marekani kuyarudisha matairi milioni 6.5, mengi yakiwa ya magari marefu ya Ford Explorer. Matairi hayo yalikuwa yakibanduka ngozi ya juu gari likiwa mwendoni, na gari likapinduka. Watu zaidi ya 200 walikufa. Firestone ikalaumu gari, Ford ikalaumu tairi. Lakini sote tunaweza kujifunza kwamba upepo mdogo, joto, mzigo na mwendo vikikutana, tairi huchoka haraka, na gari refu halisamehe.

Vitu hivyo vinne hukutana kila Desemba katika barabara ya Dar es Salaam hadi Moshi, wakati ndugu zetu wanaporudi nyumbani Marangu, Kibosho, Machame na Rombo. Ni safari ya kilometa zaidi ya 500, na jua la Same si la mchezo. Huko huko Same, eneo la Sabasaba, tarehe 28 Juni, 2025, iliripotiwa kwamba tairi la basi lilipasuka, basi likagongana na basi dogo, moto ukawaka na watu zaidi ya 35 wakafa. Yale yalikuwa mabasi, lakini tairi bovu halichagui gari.

Basi, pima upepo asubuhi tairi likiwa la baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Angalia pia tarakimu nne za mwisho ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kung'aa na huku ni la zamani. Na wakati wa kurudi mjini, magunia ya mchele wa Chekereni na mikungu ya ndizi viwekwe chini, ndani ya gari, vikafungwe. Keria ni ya vitu vyepesi.

Jambo la tatu ni mkanda. Gari likibingirika, asiyefunga mkanda anaweza kurushwa nje, na gari lenyewe likamwangukia. Wa mbele hufunga kwa kumwogopa trafiki. Watoto na bibi walioketi nyuma huachwa hivi hivi, kana kwamba gari likipinduka litapinduka upande wa mbele peke yake.

Mwisho, tuseme na wakubwa. Dereva wa kuajiriwa anapoambiwa, "Kanyaga, tumechelewa," ni vigumu kwake kumjibu bosi. Kwa hiyo mwenye gari ndiye anayeendesha, hata akiwa ameketi kiti cha nyuma. Aondoke nyumbani mapema, na amwambie dereva wake waziwazi: "Nenda polepole, tutafika." Kona haijui cheo cha mtu.

Msikilizaji, safari njema.