Flagyl kwa Kila Tumbo

Mtoto akiharisha mara tatu tangu alfajiri, nyumba nyingi zina jibu moja: kimbia duka la dawa, uliza Flagyl. Mtu mzima tumbo likimjaa gesi, Flagyl. Chakula cha jana kikimkataa, Flagyl tena. Antibayotiki hii ina kazi yake. Inaua ameba na giadia, na hospitali zinaitegemea. Ila inaua pia bakteria wanaoishi pasipo oksijeni, na utumbo mpana wa binadamu ni mahali ambapo oksijeni karibu haipo kabisa. Wakazi wake walio wengi kupita wote ni bakteria wa namna hiyohiyo. Kidonge hakina macho ya kumtenga mharibifu na mwenyeji anayetulisha. Ninachodai leo ni hiki: tumezoea kulitibu tumbo kana kwamba kila bakteria ni mwizi, na mazoea hayo yanawaumiza watoto na watu wazima hata pale ambapo hakuna kilichoibwa.

Tuanze na kazi wanayofanya. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2016 yanasema mtu mzima hubeba bakteria wapatao trilioni 38, na seli zake mwenyewe ni kama trilioni 30. Ukila maharage, mchicha au ugali wa dona, zipo nyuzinyuzi ambazo mwili wako hauwezi kuzivunja; zinateremka nzima hadi utumbo mpana, na huko bakteria huzichachusha na kutoa asidi, mojawapo ikiitwa butireti, ambayo ndiyo chakula kikuu cha seli zinazoutandika utumbo huo. Pia wanajaza nafasi. Mdudu wa maradhi akiingia anakuta viti vimekaliwa na chakula kimeliwa. Kwamba nafasi hiyo ni kinga ya kweli tunajua kutokana na watu walioipoteza. Yuko bakteria anayeitwa Clostridioides difficile, ambaye hushamiri baada ya antibayotiki kuwafagia wenzake, akaleta kuhara kunakorudi na kurudi. Mwaka 2013 madaktari wa Amsterdam walichapisha jaribio: wagonjwa 16 waliingiziwa utumboni, kwa mrija, mchanganyiko wa kinyesi cha watu wenye afya. Wapo watakaokunja uso kusikia hivyo. Lakini 13 kati yao walipona kwa mara ya kwanza tu, ilhali katika kundi la wagonjwa 13 waliopewa antibayotiki peke yake walipona wanne. Kilichowaponya wale wa kwanza ni kurudishiwa wenyeji wao.

Kwa mtoto mchanga jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu yeye bado anawapokea wakazi hao. Maziwa ya mama yana sukari za aina ambayo mtoto mwenyewe hawezi kuisaga. Kwa miaka mingi wataalamu walijiuliza kwa nini mama atumie nguvu zake kutengeneza chakula ambacho mwanawe hakifaidi. Jibu ni kwamba chakula hicho ni cha bakteria wa mtoto, hasa wale wa jamii ya bifidobakteria, ambao Henry Tissier wa Taasisi ya Pasteur huko Paris aliwaona katika choo cha watoto wanaonyonya mwishoni mwa karne ya 19. Mama ananyonyesha wawili kwa titi moja. Katika umri huohuo ndipo tunapomimina sharubati ya antibayotiki kwa kila choo chepesi, wakati kuhara kwingi kwa watoto wadogo huletwa na virusi, rotavirusi wakiwa mbele, na antibayotiki haimgusi kirusi hata kidogo.

Najua jibu la mzazi: nilimpa, akapona. Ni kweli alipona. Lakini kuhara kwa majimaji kwa kawaida hukoma kwenyewe ndani ya wiki moja, kwa hiyo chochote utakachompa siku ya tatu kitaonekana kimefanya kazi siku ya tano. Njia ya kujua ni kulinganisha, na ulinganisho upo. Katika nchi saba, Tanzania na Kenya zikiwamo, watoto zaidi ya 8,000 wenye kuhara kwa majimaji, wote wakiwa wamepungukiwa maji au lishe, waligawanywa mafungu mawili: fungu moja lilipewa antibayotiki iitwayo azithromaisini kwa siku tatu, jingine dawa bandia. Matokeo yalitoka mwaka 2021. Hadi siku ya 180, antibayotiki haikuonyesha kupunguza vifo. Na hao walikuwa watoto walio katika hatari kubwa, waliochaguliwa kwa sababu hiyo.

Kuna pingamizi zito kuliko hilo. Mwaka 2018 utafiti mwingine ulionyesha kwamba azithromaisini hiyohiyo, ikigawiwa mara mbili kwa mwaka kwa watoto wote wa chini ya miaka mitano, wagonjwa na wazima, ilipunguza vifo nchini Niger kwa takriban asilimia 18. Sitaki kuupuuza, ni uhai wa watoto. Lakini Niger ina vifo vingi mno vya watoto, na sehemu ya utafiti iliyofanyika Kilosa, Tanzania, ilipata tofauti ndogo kiasi kwamba huenda ni bahati tu. Ugawaji wa kupangwa, unaopimwa na kufuatiliwa kwa ajili ya usugu wa dawa, haumhalalishii muuzaji kukata vidonge vinne na kuvifunga kwenye karatasi.

Basi turudishe wenyeji kwa vidonge vya bakteria hai, wengine watasema, vile vinavyouzwa ghali kwa jina la probayotiki. Hapo pia nina shaka. Mwaka 2018 majaribio mawili makubwa, moja Marekani na jingine Kanada, yaliwapa bidhaa hizo watoto walioharisha, na hawakupona haraka kuliko wenzao. Hata dhana ya kwamba kuna bakteria fulani mzuri ambaye kila mtu lazima awe naye inayumba ukiwatazama Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi: utafiti wa 2014 ulikuta watu wazima wao hawana bifidobakteria, wale wanaosifiwa kwenye matangazo ya mtindi, na bado matumbo yao yana bakteria wa aina nyingi kuliko ya Waitalia waliolinganishwa nao. Uwiano haupimwi kwa jina la bakteria mmoja. Unategemea unawalisha nini, na hubadilika kwa kasi ya kushangaza. Mwaka 2015 watafiti waliwabadilishanisha vyakula Wamarekani weusi 20 na wanakijiji 20 wa Afrika Kusini. Wiki mbili zilitosha: butireti ya Wamarekani waliokula nafaka na maharage ilipanda zaidi ya mara mbili, na ya wanakijiji waliopewa nyama na mafuta ya Kimarekani ikashuka hadi nusu. Nasi tumekuwa tukifanya jaribio hilohilo wenyewe, tukiacha dona kwa sembe nyeupe. Togwa nayo tunaiona ya kishamba, ingawa tafiti za vijijini Tanzania miaka ya 1990 zilikuta watoto wanaokunywa uji uliochachushwa kama huo wakiharisha mara chache zaidi, kwani asidi yake huwabana wadudu wa maradhi.

Ukiona damu kwenye choo, homa kali, au mtoto amelegea na hawezi kunywa, hapo ni zahanati bila kuchelewa, na antibayotiki huenda ikahitajika kweli. Kwa kuhara kwingine, Shirika la Afya Duniani na UNICEF wamekuwa wakisema jambo lilelile tangu 2004: maji ya ORS yenye chumvi na sukari, aendelee kunyonya na kula, na zinki kwa siku 10 hadi 14. Hiyo zinki ndiyo inayoachwa njiani, kwa sababu siku ya nne mtoto ameshatoka nje kucheza.