MAMA WA MTOTO MWENYE USONJI ANA HAKI JUU YETU

(Hotuba iliyotolewa msikitini baada ya Sala ya Magharibi)



Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake.

Ama baad. Ndugu zangu waumini, nanyi akina mama mlio nyuma ya pazia, leo nimekusudia kuzungumza juu ya jambo ambalo mimi mwenyewe nililikosea. Nalo ni namna tunavyomhukumu mama mwenye mtoto mdogo wa usonji.

Usonji ni hali inayotokana na ukuaji wa ubongo. Waarabu huiita tawahhud, neno lenye mzizi wa kuwa peke yake. Mtoto huyu huenda akaitwa jina lake asigeuke, akachelewa kusema au asiseme kabisa, akarudia mchezo mmoja siku nzima, na sauti tusiyoijali sisi ikamuumiza yeye. Huo si utundu, wala si ukosefu wa malezi.

Miaka michache iliyopita aliletwa chuoni kwetu mtoto wa miaka mitano. Kila wenzake walipoanza kusoma kwa pamoja, aliziba masikio na kupiga mayowe. Baada ya wiki mbili nikamwita mama yake, nikamwambia mbele ya watu: "Dada yangu, mwanao umemdekeza. Mfunze adabu kwanza, ndipo umlete." Akasema tu, "Nimesikia, Maalim," akamshika mwanawe mkono, akatoka.

Hakwenda mbali. Alikaa uani kumngoja binti yake mkubwa amalize somo. Mtoto akaanza kupanga vizibo vya soda mstari mmoja. Mama hakumnyang'anya, wala hakumgeuza uso kwa nguvu. Aliketi chini karibu naye, akaweka kizibo mwisho wa mstari, akasema: "Kimoja." Akanyamaza. Akaweka cha pili: "Kingine." Akashika cha tatu mkononi, akangoja. Alingoja muda mrefu. Ndipo mtoto akainua macho, akamtazama mama yake, akasema: "Kingine." Kwa wiki mbili sikuwahi kumsikia akitamka neno. Nikatambua kuwa yule niliyemtuhumu kwa malezi mabaya amenishinda ualimu.

Ndugu zangu, kosa hili waliwahi kulifanya hata wataalamu. Daktari Leo Kanner wa Marekani, aliyeieleza hali hii mwaka 1943 kutokana na watoto 11, aliandika baadaye juu ya ubaridi wa wazazi wao. Mwaka 1967 Bruno Bettelheim akaieneza kauli kwamba chanzo ni mama asiyempenda mwanawe. Akina mama wengi wakaibeba tuhuma hiyo. Lakini Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa baba wa mtoto mwenye usonji, alikwisha kuipinga katika kitabu chake cha mwaka 1964. Na mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter, waliochunguza jozi 21 za pacha nchini Uingereza, wakaonyesha kuwa hali hii ina asili kubwa katika maumbile ya kurithi.

Kisha mwaka 2002 Michael Siller na Marian Sigman wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walieleza walivyowatazama wazazi wakicheza na watoto wao. Waliona kuwa wazazi wa watoto wenye usonji hufuata anachokitazama mtoto sawa na wazazi wengine. Na wale waliofuata zaidi, watoto wao waliendelea zaidi katika lugha, hata baada ya miaka 16. Nchini Uingereza nako, Jonathan Green na wenzake walichapisha mwaka 2010 jaribio la watoto 152. Baadhi ya wazazi walitazama video za michezo yao na watoto wao, wakafunzwa kutambua ishara ndogo na kuzijibu. Usonji haukuondoka, lakini watoto hao walizidi kuanzisha wenyewe mawasiliano na wazazi wao.

Basi enyi akina mama, keti chini usawa wa macho ya mtoto. Fuata anachokitazama yeye, usimvute kwenye unachokitaka wewe. Kitaje kwa neno moja au mawili, kisha ngoja. Akikuonyesha kwa mkono au kwa sauti, hayo ni maneno yake, mjibu. Mtoto wa mwaka mmoja asiyegeuka akiitwa, au wa mwaka na nusu asiyeonyesha kitu kwa kidole, apelekwe hospitali achunguzwe, na masikio yake yapimwe. Asifungwe hirizi, wala asipigwe kwa madai ya kutolewa jini.

Nasi akina baba tukumbuke: imethibiti katika Sahihi mbili kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akisikia kilio cha mtoto huifupisha sala, kwa kumhurumia mama yake. Hakumlaumu mama kwa kutomnyamazisha mwanawe. Vipi basi sisi tunageuza shingo na kumkodolea macho mama yule mpaka aache kuja msikitini?

Nilikwenda kwake pamoja na mke wangu, nikamwomba radhi. Akanisamehe, kisha akasema: "Maalim, pole nimezisikia nyingi. Ninayemkosa ni mtu wa kukaa naye saa moja nipate kufua." Mume wake alikuwepo, akainamisha kichwa. Tangu siku ile hukaa naye baada ya Alasiri. Nami humsomesha mtoto peke yake, robo saa, wenzake wakiisha kuondoka, vizibo vyake vikiwa kando. Siku nyingine husoma, siku nyingine hasomi.

Katika mtaa wetu huenda yuko mama mwingine kama huyu. Kabla ya kumpa nasaha, tumwulize anahitaji nini.

Tunamwomba Allah (S.W.) azitie nguvu nyoyo za akina mama hawa, awahifadhi watoto wao, na atusamehe kwa tuliyoyasema bila elimu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.