Mwanafunzi Wetu Wakati wa Mitihani: Ada Peke Yake Haitoshi

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa wajumbe wa kamati za elimu za sharika na wageni wafadhili)



Nimepewa dakika ishirini kuzungumzia maendeleo ya wanafunzi tunaowasomesha vyuoni. Hesabu za ada mnazo katika taarifa mliyogawiwa asubuhi, hivyo sitazirudia. Naomba muda huu niutumie kuzungumzia jambo moja lisiloonekana katika taarifa hiyo, nalo ni jinsi mwanafunzi anavyoishi katika zile wiki mbili au tatu za mitihani ya mwisho. Aidha, nitazungumzia filamu za anga za juu. Msishangae, mtaona zinavyoingia.

Mezani kwangu kuna barua kutoka kamati ya elimu ya usharika mmoja. Binti wanayemsomesha, mwaka wa kwanza, ualimu wa sayansi, ameshindwa masomo mawili na anatakiwa kurudia mitihani hiyo. Kamati inapendekeza asitishiwe ufadhili. Sababu ya kwanza ni hayo masomo mawili. Sababu ya pili, nami naona ndiyo iliyowaudhi zaidi, ni picha iliyoonekana kwenye simu ya kijana mmoja wa kwaya. Binti huyo na wenzake watano wamekaa chumbani usiku, katikati ya kipindi cha mitihani, wanatazama filamu na kucheka. Barua inauliza: je, sadaka za wajane zimekwenda kutazama filamu?

Swali hilo ni la haki. Sadaka hizo nazijua. Wapo akina mama wanaouza ndizi siku ya mnada ili bahasha ya elimu isirudi tupu. Kwa hiyo sitalijibu kwa mzaha. Nitalijibu kwa kueleza yaliyonipata mimi mwenyewe, pamoja na jambo moja ambalo sijapata kulisema mbele ya kamati yoyote.

Mwaka wa kwanza: peke yangu

Niliingia chuo kikuu Dar es Salaam mwaka 2002. Usharika wangu ulinichangia nauli, godoro na fedha za kuanzia, na niliondoka nikiwa nimeombewa mbele ya madhabahu. Mtu aliyeagwa hivyo huogopa kushindwa kuliko anavyoogopa ugonjwa. Ilipofika mitihani nikajitenga. Wenzangu walikaa kwenye vimbweta, yale madawati ya zege yaliyojengwa nje chini ya miti, wakiulizana maswali. Mimi niliwaona wapiga soga. Nilipiga msuli, kama wanafunzi wanavyosema, peke yangu chumbani hadi saa tisa usiku, nikinywa chai ya rangi ili nisisinzie, na mara nyingi hiyo chai ndiyo ilikuwa chakula cha usiku.

Siku ya mtihani wa takwimu nilifungua karatasi nikaona namba zinacheza. Nilikuwa nimesoma yote, na sikukumbuka hata moja. Kwetu mtihani wa mwisho ulibeba alama 60 kati ya 100, kwa hiyo hapakuwa na pa kujiokolea. Nikapata mtihani wa kurudia, ule ambao wanafunzi wanauita sapu.

Sasa lile ambalo sijapata kulisema. Nilipokwenda nyumbani likizo, mzee wa kanisa aliyekuwa amezunguka nyumba kwa nyumba kunichangia aliniuliza, "Mwanangu, masomo vipi?" Nikamjibu, "Shikamoo mzee, namshukuru Mungu, yote nimefaulu." Jumapili ile wakasimama wakanishukuria. Likizo haijaisha nikarudi Dar es Salaam kwa kisingizio cha mafunzo, nikafanya sapu, nikafaulu. Mzee yule amekwisha kulala, na sikupata kumwambia ukweli. Nilidanganya kwa kuwa nilijua kwamba kwetu kijana akishindwa mara moja, hesabu yake imefungwa.

Mwaka wa pili: saa mbili usiku

Mwaka 2004 nilibahatika kupata kundi. Tulikuwa watano: dada mmoja wa uhandisi, wawili wa uchumi nikiwemo mimi, kijana wa Kigoma aliyesoma fizikia, na Mmarekani mmoja aliyekuja kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Huyu Mmarekani alikuja na sidii za mfululizo wa zamani wa televisheni uitwao Star Trek, ambao alikuwa akiutazama tangu utotoni pamoja na baba yake. Dada wa uhandisi akaweka sheria. Kila siku ya mitihani, saa mbili usiku, tunakula pamoja kwa mama ntilie, tunatazama sehemu moja tu ya dakika 50 kwenye kompyuta ya chumba cha pamoja cha bweni, kisha tunarudi kwenye vimbweta. Aliyesema tutazame ya pili alilipa chai ya wote kesho yake.

Kwa wasioufahamu, Star Trek ulianza kuonyeshwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966 na mfululizo huo wa kwanza ukamalizika mwaka 1969, ukiwa na sehemu 79. Unahusu chombo cha anga kiitwacho Enterprise, karne kadhaa zijazo, ambamo watu wa mataifa mbalimbali wanafanya kazi pamoja. Afisa wa mawasiliano ni mwanamke Mwafrika aitwaye Uhura. Mmarekani alituambia jina hilo limetokana na neno letu, uhuru. Dada wa uhandisi akasema, "Basi mwambieni aliyeandika amekosea herufi moja, asahihishe." Katika sehemu ya kwanza kabisa iliyorushwa hewani, kiumbe aliyejigeuza mtu anamsemesha Uhura kwa Kiswahili. Kiswahili chenyewe kilikuwa cha kupinda, tukacheka hadi jirani akagonga ukuta.

Iko sehemu nyingine, The Changeling ya mwaka 1967, ambamo Uhura anafutwa kumbukumbu zote na chombo kilichoharibika. Inabidi afundishwe upya kuanzia kusoma, kama mtoto wa darasa la kwanza, na akichoka anarudia Kiswahili. Mimi niliyewahi kuikodolea macho karatasi ya takwimu bila kukumbuka kitu nilimwelewa mama huyo kuliko mtu yeyote pale chumbani. Aliyefutwa hakufukuzwa kazi. Alikalishwa chini akafundishwa tena.

Baadaye tukatazama filamu ya mwaka 1982, Star Trek II: The Wrath of Khan. Humo mna mtihani wa makapteni uitwao Kobayashi Maru. Mwanafunzi anapewa chombo, anaambiwa kuna meli nyingine imekwama inaomba msaada mahali pasiporuhusiwa kuingia. Akienda kuokoa, anashambuliwa na kushindwa. Asipokwenda, wale wanaangamia. Mtihani umetengenezwa hivyo makusudi, hauna jibu la ushindi. Kapteni Kirk aliufanya mara tatu, na mara ya tatu aliingia kwa siri katika kompyuta akabadilisha mtihani wenyewe.

Mjadala ulikuwa mkali. Dada wa uhandisi alisema, "Huyu alisapu mara mbili, ya tatu akaiba mtihani, halafu wakampongeza!" Yule wa Kigoma, ambaye kwa kawaida alikuwa mkimya, akasema hapana, mtihani ule haupimi kama utashinda. Unapima utafanya nini na watu ulio nao mkononi wakati mambo yameharibika. Tulirudi kwenye vimbweta tukiwa bado tunabishana. Usiku ule nilisoma vizuri kuliko usiku wowote wa mwaka wa kwanza.

Ndoo ya kufulia

Viti havikututosha. Yule wa Kigoma alikuwa anakuja na ndoo yake ya kufulia, anaigeuza, anaikalia. Siku moja katika wiki ya pili ya mitihani aliiacha palepale. Kesho yake saa mbili ikafika, ndoo ipo, mwenyewe hayupo. Tulisubiri dakika kumi. Mmarekani akasema, "Huyu hajawahi kukosa." Tukaacha filamu, tukaenda chumbani kwake.

Tulimkuta amelala gizani, anatetemeka. Fedha zake za kujikimu zilikuwa zimechelewa. Kwa siku kadhaa alikuwa akitukwepa saa ya chakula akisema ameshakula, kumbe alikunywa uji asubuhi na hakula kingine mpaka kesho yake. Kisha malaria ikamkuta akiwa hivyo. Asubuhi alikuwa na mtihani wa fizikia, na daftari lilikuwa wazi kifuani pake. Tulimbeba hadi zahanati ya chuo. Daktari alituambia tumefanya vema kutongoja asubuhi. Alipewa cheti cha ugonjwa, akafanya mtihani ule baadaye pamoja na wenye sapu, akafaulu. Leo ni mwalimu wa fizikia wa sekondari.

Ndugu zangu, nimelifikiria jambo hili kwa miaka zaidi ya 20. Mlezi wa bweni hakujua kwamba kijana yule ana njaa. Chuo hakikujua, usharika wake haukujua. Tulijua sisi wanne, tena tulijua kwa sababu kulikuwa na saa mbili usiku na mahali pake pa kukaa palipobaki pamoja na ndoo. Filamu ile ilikuwa daftari letu la mahudhurio. Sisemi Star Trek ilitufaulisha. Tulifaulu kwa kusoma. Lakini mtu husoma akiwa ameshiba kidogo, amelala kidogo, na ana mwenzake wa kumwulizia asipoonekana.

Wala tusidharau kinachotazamwa. Mama aliyeigiza Uhura, Nichelle Nichols, aliyefariki mwaka 2022, alisimulia kwamba alitaka kuacha kazi hiyo mwanzoni, na Dk. Martin Luther King akamsihi abaki kwa kuwa watu weusi wanamwona. Mmoja wa waliomwona ni mtoto wa kike wa Chicago, Mae Jemison. Alikuja kuwa daktari, akahudumu Liberia na Sierra Leone, na mwezi Septemba 1992 akawa mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi kwenda anga za juu. Binti anayesomea sayansi akitazama mambo ya anga na wenzake kwa saa moja, mimi siwezi kusema moja kwa moja kwamba amepoteza muda.

Tulichokikuta, na ninachoomba

Nikirudi kwenye barua. Mwezi uliopita nilimtembelea yule binti chuoni. Nililinganisha tarehe ya picha na ratiba ya mitihani. Masomo mawili aliyoshindwa yote yalikuwa wiki ya kwanza, na picha ni ya wiki ya pili. Nilipomwuliza wiki ya kwanza alikuwa anakula nini, aliinama, akasema, "Baba, mara moja kwa siku." Wiki ya pili wenzake wa chumba walimwona, wakamwingiza katika chungu chao cha ugali na maharage, na baada ya kula walikuwa wanatazama filamu kidogo. Mitihani yote ya wiki hiyo amefaulu. Nilimwuliza kwa nini hakuwaambia ninyi. Akajibu kwamba aliogopa. Jibu hilo nalifahamu.

Hivyo basi, naomba mambo matatu.

Kwanza, sapu isiwe mwisho wa ufadhili. Mwanafunzi apewe nafasi ya kurudia, na kamati ikae naye kabla ya kuamua. Kwa upande wake mwanafunzi alete matokeo yake yote, mazuri na mabaya. Atakayeficha tumwajibishe kwa kuficha, lakini tusimfanye aone kuficha ndiyo salama yake.

Pili, katika kila bajeti ya mwanafunzi tutenge fedha kidogo ya chakula kwa wiki za mitihani, nayo itumwe kabla ya mitihani kuanza. Wafadhili wetu, najua ada ina risiti na wali maharage hauna. Naomba mtuamini katika hilo, nasi tutaleta maelezo.

Tatu, kila usharika uteue mtu mmoja wa kumpigia simu mwanafunzi wakati wa mitihani. Asianze na "umefaulu?" Aanze na "umekula?" na "unasoma na nani?" Akisikia "nasoma peke yangu", hapo ajue kuna kazi.

Mtihani wa marudio wa yule binti bado wiki sita. Barua ya kamati nitaijibu wiki ijayo. Wajumbe wa kamati hiyo mko humu ndani, nami nawaheshimu, kwa maana mliuliza swali ambalo mwenye mali ya Mungu anapaswa kuliuliza. Ninaomba tu kwamba kabla sijajibu, mmoja wenu ampigie simu. Namba yake ninayo hapa.